Ulimi wa Gam-shui na Chai ya Mama Mkwe

Watu wa Shunde, kule kwenye mabwawa ya samaki, wanajisifia ndimi zao kama wengine wanavyojisifia watoto waliosoma, na wote walikubaliana kwamba ulimi uliozishinda zote ulikuwa wa Fok Gam-shui. Mpe kipande cha samaki, afumbe macho, atafune polepole, kisha akwambie samaki huyu kakulia bwawa la nani, akwambie alipenda kulala upande gani chini ya mforosadi, na aongeze kwamba mtu aliyemvua aligombana na mkewe asubuhi ile. Hilo la ugomvi kuna waliolibisha. Mvuvi mwenyewe hakubisha. Alitazama viatu vyake.

Kazi yake ilikuwa upishi wa karamu. Kijiji chao kikila, kinakula chote kwa pamoja. Meza zinajaa ua wa nyumba ya ukoo, zinamwagika barabarani, na magari yanajua yenyewe kuzunguka kwa nyuma. Makarai ya Gam-shui yalikuwa makubwa mno. Inasemekana mama mmoja aliwaogesha mapacha wake ndani ya mojawapo na wale watoto wakapotezana. Na juu ya ukuta wa jiko lake palining'inia upawa wa shaba aliourithi kwa babake, mpini mrefu kama kasia, na ule upawa ndio uliokuwa cheo.

Maana yake ilikuwa hii. Siku ya tisa ya mwezi wa tisa, kijiji kinapowalisha wazee wake, hakuna anayegusa kijiti cha kulia kabla mwenye upawa hajasimama mlangoni mwa nyumba ya ukoo, akachota supu ya samaki, akainywa mbele ya macho ya wazee wote, akasema kwa sauti ya kufika bwawa la mwisho, "Kuleni, wazee." Supu ikiwa mbovu baada ya maneno hayo, upawa unahama ukuta. Tangu babake afe, haukuwahi kuhama.

Nyumbani kwake walikuwa watatu. Yeye. Mkewe Lai-sim, mwalimu wa kufundisha watu kuendesha gari, mwanamke asiyejua kubishana. Yeye anafungua mlango wa gari tu na kusubiri uingie. Na mama yake Lai-sim, Mama Ho, bibi mfupi asiyejua kusoma hata jina lake, aliyeuza chai chungu ya mitishamba kwenye kona ya soko. Kwa Mama Ho magonjwa ya dunia yalikuwa mawili tu, joto na upepo, na yote mawili yaliikimbia chai yake. Nani asingeikimbia? Ilikuwa nyeusi kama shimo, na mtu akiinywa uso wake ulijikunja na haukukunjuka mpaka adhuhuri.

Kila asubuhi tangu siku ya pili ya ndoa, Mama Ho alimletea mkwewe bakuli. Kila asubuhi Gam-shui alilipokea kwa mikono miwili kwa heshima zote, akasubiri bibi ageuke, akalimimina kwenye chungu cha mti wa vichungwa uliosimama pale mlangoni. Kila mwaka mpya walinunua mti mwingine, umesheheni matunda ya dhahabu, na kabla ya sikukuu ya mashua za joka, katikati ya mwaka, umebaki fagio. Mama Ho aliwalaumu wauza miti. Alibadilisha muuzaji mmoja baada ya mwingine, mpaka ikawa sokoni hapo hana muuza miti anayesalimiana naye.

Sasa, kabla ya mwaka mpya mmoja, Gam-shui alianza kuamka na kohozi lenye uzi wa damu. Sikio lake la kushoto likaziba na kunguruma, kana kwamba chura amehamia na familia. Mama Ho alisema ni joto, mtu gani anasimama mbele ya moto maisha yake yote asipate joto, akaongeza bakuli la pili. Mwaka ule mti ulikufa mapema kuliko ilivyokuwa kawaida yake. Kisha ukatokea uvimbe shingoni, chini ya sikio, mgumu kama kokwa la tunda. Lai-sim aliugusa mara moja tu, akatoka nje, akafungua mlango wa gari.

Hospitali kubwa ya Guangzhou, daktari alikuwa mwanamke mwembamba, jina lake Szeto, mwenye nywele fupi na haraka ya mtu ambaye foleni yake haiishi. Aliingiza kamera ndogo kama mnyoo puani mwa Gam-shui, akatazama, akachukua kipande cha nyama cha kupima. Waliporudi kusikia majibu hakuwazungusha. Ni saratani, akasema, imekaa nyuma kabisa ya pua, pale pua inapokutana na koo, na imeshuka kidogo shingoni. Akaeleza kwamba ugonjwa huu una mapenzi na watu wa kwao, watu wa kusini wasemao Kikantoni, na hakuna ajuaye sababu zote. Damu ya ukoo imo, kirusi kimo, na samaki wa chumvi naye yumo. Akamuuliza kama utotoni alimla sana.

"Daktari, mimi nilizaliwa nikalia, wakanitia samaki wa chumvi mdomoni ninyamaze," akasema Gam-shui. "Nikanyamaza."

Daktari alicheka, kisha akawapa upande mzuri wa habari. Saratani hii inaogopa mionzi kuliko nyingi. Waliofika wakiwa katika hatua kama yake, wengi wanapona, na wanaendelea kuja kumsumbua pale kliniki mwaka baada ya mwaka, wanene, wakilalamika kuhusu foleni. Gam-shui alisikiliza yote hayo kama anayesikiliza habari za jirani. Alikuwa na swali moja.

"Na ulimi?"

Daktari Szeto aliweka kalamu chini. "Mionzi itapita karibu na ulimi na karibu na tezi za mate. Ladha itaondoka. Kwa wengi inarudi polepole, baada ya miezi, wengine hata mwaka na zaidi. Mate huwa hayarudi yote. Kwamba ulimi utakuwa ule ule wa zamani, hilo siwezi kukuahidi."

"Na nikiikataa hiyo mionzi?"

Aliyejibu ni Lai-sim. "Utakuwa na ulimi mzuri sana ndani ya jeneza."

Basi akaikubali. Walimtengenezea kinyago cha plastiki yenye matundu. Wanailainisha kwenye maji moto na kukulaza nayo usoni, inaganda kwa sura yako, halafu kila siku wanakufunga nayo mezani usitikisike. Gam-shui aliwaomba wale vijana wa mashine wazikunje kingo vizuri, maana alikuwa amefunga maandazi ya nyama maisha yake yote na hakupenda kufungwa ovyo. Mashine ikamzunguka ikilia kama mbu mwenye adabu. Mwanzoni hakuhisi kitu, akaanza kudhani wanamdanganya. Baadaye mdomo ukaota vidonda, dawa za mshipa zikamtapisha, uji wa mchele ukashuka kooni kama misumari, na ngozi ya shingo ikawa kahawia iliyokolea.

Binamu yake Lo-kei alikuja kumtazama. Huyu Lo-kei alikuwa mchomaji wa bata bukini, mnene, mtu anayecheka kabla ya kusema, na kila mtu alijua kwamba upawa ukihama utahamia kwake. Alizunguka kitanda, akainama, akaikagua ile shingo kwa jicho la kazi.

"Kaka, umeiva," akasema. "Miaka yote hii mimi natafuta rangi hiyo."

Gam-shui hakuweza kucheka kwa vidonda, akacheka kwa mabega.

Matibabu yakaisha, majira ya mvua yakaja, kamera ikarudi puani, na Daktari Szeto akasema pamesafika. Uvimbe wa shingo nao ulikuwa umeyeyuka. Akampa masharti. Aje kupimwa kila atakapoitwa. Samaki wa chumvi, kwaheri. Chupa ya maji isimwache. Na afanye mazoezi ya kufungua mdomo kila siku, maana mionzi hukausha misuli ya taya, na mtu akizembea mdomo unajifunga kama mlango uliovimba; apange vijiti vya aiskrimu, avitie katikati ya meno, na aongeze kimoja kila vinapolegea.

Mtaa mzima ukajitolea kula aiskrimu kwa ajili yake, na mzigo huo waliubeba bila manung'uniko. Lai-sim alisimamia mazoezi kama anavyosimamia wanafunzi wake: fungua, fungua zaidi, usibane, hujafika kwenye mstari. Gam-shui alikaa kizingitini, mdomo umetegwa kwa vijiti, hawezi kujibu. Wanawake wa mtaa waligundua faida yake mara moja. Walikuja mmoja mmoja na vigoda vyao kumweleza siri zao, maana hapakuwa na mwanamume mwingine kijijini aliyekuwa akisikiliza bila kukatiza. Kiangazi kile alijua mambo ya watu kuliko polisi.

Lakini ulimi ulikuwa umekufa. Sukari ilikuwa mchanga. Nyama ya bata wa Lo-kei ilikuwa kandambili. Alijaribu siki, akajaribu pilipili, ikamuunguza bila kumwambia jina lake. Hilo alimwambia Lai-sim peke yake, na Lai-sim hakumwambia mtu.

Na kilichowafanya wengine wasijue ni ile chai. Asubuhi ya kwanza aliporudi nyumbani, Mama Ho alileta bakuli kama kawaida. Gam-shui, ambaye koo lake lilikuwa kavu kama dari, aliona kitu cha majimaji, akakiinua, akakinywa mpaka chini, hata kope haikutikisika. Mama Ho alisahau kugeuka. Alisimama pale akimwangalia kama mtu aliyemwona kuku akisalimia.

"Unataka jingine?" akauliza, taratibu, asije akamshtua.

"Nipe, mama."

Tangu siku hiyo bibi hakushikika. Aliwaambia wateja wake kwamba mkwe wake, ulimi wa Shunde nzima, anakunywa chai yake mabakuli mawili na kuomba la tatu. Kwamba hao madaktari na mashine zao walifanya sehemu yao, sawa, hakatai, lakini mwisho wa yote mtu anajua kinachomfaa. Na kwa kuwa sifa huchochea, akaanza kuikoleza. Akaongeza mizizi. Akaongeza magome. Ilifika mahali bata wa jirani wakawa wanazunguka nyumba kwa mbali, na nzi mmoja aliyetua ukingoni mwa bakuli alinusa, akaruka, nasikia alikwenda kuwaaga wanawe. Gam-shui alikunywa yote. Na mti mpya wa vichungwa, walioununua badala ya ule uliokufa mapema, kwa kuwa haukupata chochote ila maji ya mvua, ukachanua mara mbili.

Mwezi wa nane ulipokuwa unaisha, akaja Mzee Fok Tsun-yip, mkuu wa nyumba ya ukoo, mwenye nyusi ndefu zilizomwagikia machoni. Alizungumza habari za mvua, akazungumza habari za bei ya samaki, akafika polepole kwenye alichokijia. Kwamba wazee wamemwonea huruma Gam-shui. Kwamba mtu ametoka kwenye ugonjwa mkubwa. Kwamba labda mwaka huu, mwaka huu tu, Lo-kei angeshika upawa.

"Upawa uko ukutani kwangu, babu," akasema Gam-shui, "na ukuta haujaanguka."

Mzee alipoondoka, Lai-sim aliuliza ataonja kwa kitu gani, kwa goti? Gam-shui akamwambia ameshapanga. Ataonja yeye Lai-sim. Atasimama karibu na karai, aonje kwa siri, na chumvi ikikaa sawa aguse pua. Mpango ulikuwa mzuri isipokuwa mahali pamoja: Lai-sim hakujua kingine duniani ila utamu. Tangu utotoni alikula maziwa ya kugandisha kwa sukari asubuhi na jioni. Wakajaribu kwa siku kadhaa, yeye akionja na kuguswa na mashaka, akisema ongeza kidogo hiki, ongeza kidogo kile, na supu waliyompelekea jirani ilimfanya arudishe bakuli na shukrani nyingi kwa faluda.

Siku chache kabla ya karamu, Lo-kei alikuja na chungu cha uji wa samaki, amekifunga kwa taulo. Alisema amejaribu njia mpya, anataka kauli ya bingwa. Gam-shui alijua anapimwa. Akafumba macho kama zamani, akazungusha uji mdomoni, akausukuma kwa maji ya chupa yake, akasifu samaki, akasifu tangawizi, akasema chumvi nayo imekaa mahali pake.

Lo-kei alianza kucheka kama kawaida yake, na kicheko kikakauka nusu njia. Akakunja taulo.

"Kaka," akasema, "sikutia chumvi."

Gam-shui akaweka kijiko chini.

"Sitamwambia mtu," Lo-kei akaendelea. " Upawa nautaka, unajua kwamba nautaka, tangu tukiwa wadogo nautaka. Lakini sitauchukua kwa kuchungulia." Akainuka. "Siku yenyewe, ukiona huwezi, unipe mwenyewe, mbele ya wazee. Usiwape supu usiyoijua."

Gam-shui aliushusha upawa, akausugua kwa majivu na ndimu mpaka akauona uso wake ndani yake: shingo nyembamba, mdomo mkavu. Akamwambia mkewe kwamba atautoa. Atapika, atasimamia moto, lakini mlangoni, mbele ya wazee, ataukabidhi. Lai-sim alimjazia chupa ya maji.

Siku ya tisa ikafika, anga safi, mabwawa yanang'aa. Ua wa nyumba ya ukoo ulijaa moshi. Wapishi walikuwa wamevua mashati, wengine wanapara samaki huku wakipiga soga, wengine wanakaanga vichwa kwanza ili supu iwe nyeupe kama maziwa, na Gam-shui akipita katikati yao na chupa yake, anaamuru moto kwa kidole. Karai la supu ya wazee alilitenga peke yake. Lo-kei ndiye aliyeonja na kutia chumvi, kabla samaki wa mwisho hawajatiwa; walikubaliana hivyo bila kuambizana.

Hapo ndipo Mama Ho alipoingia akisukuma kitoroli, juu yake ndoo iliyofunikwa. Alikuwa amevaa koti jipya jekundu la hariri. Alisema ameona huruma, watoto wa watu wanaungua kwa joto la moto, amewachemshia chai, na kwa heshima ya siku ameikoleza kupita siku zote. Wapishi walitazamana. Siku nyingine wangekumbuka shughuli za haraka. Lakini siku ya wazee, mzee akikupa kikombe, hukikatai, wala hukiachi nusu. Ndiyo siku yenyewe ilivyo. Wakapanga mstari kama watu wanaokwenda kuchanjwa. Mmoja alilia machozi na kusingizia moshi. Mwingine alimtaja mamake. Lo-kei, kwa kuwa alikuwa mnene na mpole, alipewa vikombe viwili.

Gam-shui alipewa lake la mwisho, bakuli kubwa, na Mama Ho aliwageukia wengine akiwaonyesha kwa kidevu, waone jinsi mtu mzima anavyokunywa. Gam-shui akaliinua. Akapiga funda.

Kitu kilibisha hodi nyuma kabisa ya ulimi. Kwanza kidogo, kama panya anayekwaruza mlango. Kisha panya akawa nyati. Ukaingia uchungu wa kila bakuli alilowahi kulimwaga na kila bakuli alilolinywa kiangazi kizima bila kujua, ukaingia wote kwa pamoja na mizigo yake, na Gam-shui alitema. Ilikwenda mbali. Ilitua kwenye koti jipya la hariri.

Wapishi wote wakageuka. Mtu amemtemea mama mkwe, siku ya wazee, mbele ya nyumba ya ukoo.

"Shui," akasema Mama Ho, polepole.

"Mama, ni chungu."

"Nini chungu?"

"Chai yako. Ni chungu." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Ni chungu vibaya sana. Sijawahi kutia uchafu kama huu mdomoni mwangu. Niongeze kidogo."

Akapiga funda jingine, akalitema pembeni, akacheka mpaka akashika goti. Mama Ho aliuliza vipi mtu anywe miezi na miezi akinyamaza, leo ndiyo agundue kwamba chungu ni chungu? Lai-sim akamvuta kando, akamweleza yote, ulimi uliokufa na siri yake. Bibi alisikiliza huku akijipangusa koti.

"Kwa hiyo hukuwa unaipenda," akamwambia mkwewe.

"Hata siku moja, mama."

Mama Ho akatafakari. "Basi ndiyo iliyokuponya," akasema, na kesi ikafungwa.

Gam-shui alikuwa ameshakimbilia karai. Alisukutua kwa maji ya chupa, akachota supu kwa kijiko, akasubiri chumvi. Chumvi haikuja. Akasubiri utamu wa samaki; nao haukuja. Ulimi ulikuwa nyumba tupu iliyoingia mgeni mmoja. Lakini mgeni yule alikuwa pale ndani ya supu, mwembamba kama uzi. Akadhani ni chai imebaki. Akasukutua tena, akasukutua mara nyingine mpaka chupa ikaisha, akachota tena. Uzi ulikuwepo.

Akamwita Lo-kei aonje. Lo-kei akaonja, akasema ni tamu, iko sawa. Mpishi wa pili akasema iko sawa. Wa tatu akasema iko sawa kabisa. Na mlangoni wazee walikuwa wameshakaa, mabakuli yao mbele yao, na Mzee Tsun-yip anaita kwamba supu inangojewa.

Gam-shui aliubeba upawa mpaka mlangoni, Lo-kei nyuma yake. Mikono ya Lo-kei ilikuwa tayari kupokea, ingawa macho yake yalikuwa chini. Gam-shui akachota, akanywa mbele ya wazee wote. Ilikuwa ni kusema "kuleni", au kumgeukia Lo-kei.

"Msile," akasema.

Mnong'ono ukapita meza hadi meza. "Kuna nyongo," akaendelea. "Mtu kapasua nyongo ya samaki, imo humu."

"Kaka," Lo-kei akamnong'oneza, "mimi nimeonja. Wote tumeonja."

"Mmeonja baada ya chai ya mama."

Lo-kei alifungua mdomo, akaufunga, akajaribu kuutafuta ulimi wake kwa meno. Hakuupata. Mzee Tsun-yip, ambaye siku ile hakuwa amekunywa ila maji, alinyoosha mkono, akapokea upawa, akanywa kidogo. Nyusi zake ndefu zilipanda na kukaa huko juu.

"Nyongo," akasema.

Wakaenda kupekua kikapu cha matumbo na mifupa, na kweli, samaki mmoja mkubwa wa wale wala majani alikuwa na doa la kijani ubavuni, na nyongo ya huyo si ladha mbaya tu, ikizidi inawalaza wazee hospitalini kwa figo. Supu ikamwagwa. Samaki wengine wakavuliwa bwawa la nyuma ya ukuta, wakaingia kwenye mafuta wakiwa bado na hasira.

Gam-shui akasimama mbele ya wazee na kuwaambia ukweli. Ulimi wake, akasema, umerudi asubuhi hii, na umerudi na uchungu peke yake. Chumvi bado iko njiani, utamu haujulikani uliko. Supu mpya hawezi kuitia chumvi. Akamgeukia Lo-kei, akampa upawa kwa mikono miwili.

Lo-kei aliutazama kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa bado umekunjwa na vikombe viwili.

"Wewe una ladha moja," akasema. "Mimi leo sina hata hiyo. Urudishe ukutani kwako, nitakuja kuuomba nikipona chai."

Kwa hiyo supu ya mwaka ule waliitia chumvi wazee wenyewe. Walisimama wakizunguka karai, wengine kwa fimbo, kila mmoja na kijiko chake, huyu anasema bado, yule anasema mnataka kuniua, bibi mmoja anatupia chumvi wakati wengine wanabishana na kujifanya anatazama ndege. Walikula wakiwa wamechelewa na walikula wakijisifu, na mpaka leo wanadai supu ile haijapata mfano. Chumvi ilikuwa imezidi, lakini nani atawaambia?

Majira ya baridi chumvi ilirudi ulimini mwa Gam-shui, na baada ya mwaka mpya ukafuata utamu, ukiwa umechoka kidogo. Daktari Szeto alichungulia nyuma ya pua, hakukuta kitu, akamwambia aende asimsumbue mpaka miadi nyingine. Mate hayakurudi yote, chupa ya maji bado anatembea nayo. Sikio la kushoto nalo limebaki zito, zito zaidi pale anapoitwa kupokea bakuli la asubuhi. Majina ya mabwawa anayataja tena, ingawa habari za ugomvi wa wavuvi hazitaji. Anasema ni kwa adabu.

Siku moja ya masika Mama Ho alikuwa anafagia mlangoni. Mti wa vichungwa, ule uliochanua mara mbili, ulikuwa umeanza kugeuka manjano, na majani yake yalikuwa yamelala chini kuuzunguka. Bibi alisimama na fagio. Aliutazama mti. Akamtazama mkwewe, aliyekuwa kizingitini na vijiti mdomoni, akiangalia mawingu kwa makini makubwa. Akainama, akaunusa udongo wa chungu.

Hakumtukana muuza miti. Alizoa majani, akaingia ndani akiguna wimbo, na kesho yake asubuhi alileta bakuli kama kawaida, akamkabidhi Gam-shui, akageuka, na akabaki ameupa mlango mgongo kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi yake, ili mtu apate nafasi ya kumimina.